L28 iliyotumika kwa ajili ya Datsun 240Z: uifunge kama ilivyo, uifungue kiasi, au uifanyie ovahoo?

Ukishapata injini ya L28 iliyotumika ya kuweka kwenye Datsun 240Z, una njia tatu. Unaweza kuipima, kuisafisha, kubadilisha vitu vichache vya nje na kuifunga. Unaweza kuifungua kiasi: sampu (bakuli la oili la chini) inatoka, pengine na kava ya mbele na hedi, lakini pistoni zinabaki ndani ya silinda zake. Au unaifanyia ovahoo kamili: kila kitu mezani, bloku kwa fundi wa mashine, silinda zinachongwa na kranki inasagwa.

Wengi huchagua njia kabla ya kupima, kwa kufuata mfuko au hamu. Mwenye haraka anafunga injini inayokula oili, na mwenye hamu anachonga bloku iliyokuwa nzima. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kwa gari la kuendesha barabarani, njia ya pili ndiyo inayowafaa wengi, lakini anayeamua ni kipimo. Hata neno la muuzaji kwamba "hii ilitoka kwenye gari zima" ni la kusikiliza tu.

L28 inapendwa kwa sababu nzuri. 240Z ilitoka kiwandani na L24, silinda sita kwa mstari, kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7, jumla cc 2393. L28 iliyoingia kwenye 280Z mwaka 1975 ina milimita 86 kwa 79, yaani cc 2753. Unapata nguvu ya kuvuta kutoka chini, giaboksi yako ileile inaingia, na ukifungua boneti gari bado linaonekana la enzi zake. Hakuna cha kukata wala kuchomelea.

Kwanza jua ulichonunua

Kufanana huko ndiko mtego wa kwanza. L24, L26 na L28 kwa nje ni ndugu wa tumbo moja, na mtu anaweza kukuuzia L24 kwa jina la L28 bila hata yeye mwenyewe kujua. Kununua injini kwa rangi ya kava ya valvu ni kununua mbuzi kwenye gunia. Futa grisi kwenye ukingo wa bloku, upande wa kulia nyuma, pale bloku inapokutana na hedi: aina ya injini na namba yake zimegongwa hapo. Kisha tazama herufi za kalibu ubavuni, zile zilizotokeza bloku ilipomiminwa. Bloku za L28 za mwanzo zina N42, za miaka ya mwisho zina F54.

Tofauti hiyo si ya wakusanyaji tu. L28 nyingi zenye N42 zina pistoni zenye bonde juu. Zile za F54 za 280ZX isiyo na tabo (turbo) zina pistoni bapa, na zilitoka kiwandani na hedi ya P79. Mtu akichukua chini ya F54 yenye pistoni bapa na kuiwekea hedi ya zamani ya L24, ambayo chumba chake cha moto ni kidogo, uwiano wa mgandamizo hupanda kupita 10:1. Injini hiyo itagonga kwa petroli ya kawaida, na kugonga huvunja kingo za pistoni kabla hujajua kuna tatizo. Kwa hiyo soma herufi za hedi pia. Ukiona hedi na bloku haviendani kwa asili, jua injini imeshafunguliwa na mtu mwingine, na njia ya kwanza imeanza kujifunga yenyewe.

Vipimo vinavyoamua

Kama injini bado iko ndani ya gari lake la zamani na inawaka, una bahati kubwa. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Moshi wa bluu unaotoka kidogo baada ya kusimama kwa silensa (bila kukanyaga mafuta) na kisha kupotea, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo hubadilishwa bila kung'oa hedi. Moshi wa bluu unaoongezeka kadiri injini inavyovutishwa ni ringi. Kelele ya cheni mbele, kama minyororo inayoburuzwa, ni reli za cheni au kikaza chake. Mlio mzito wa chini unaopungua ukichomoa waya wa plagi ya silinda moja ni beringi ya konrodi hiyo, na hapo mazungumzo ya njia ya kwanza yamekwisha.

Mara nyingi lakini injini iko sakafuni, imekaa miaka. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: stata ya L hufungwa kwenye kengele ya giaboksi, yaani kasha lake la mbele. Bila giaboksi huna pa kuishikiza, kwa hiyo kipimo cha kawaida cha kompresheni kinakushinda. Tafuta kengele ya kuazima, au, na hili ndilo ninalolipendelea, tumia kipimo cha kuvuja hewa.

Kabla ya chochote, mimina oili kidogo kwenye kila tundu la plagi, iache inywe, kisha izungushe kwa spana kwenye bolti ya puli ya kranki, kwa mwelekeo wa saa ukiwa mbele ya injini. Ikikataa, usiilazimishe. Ringi iliyoshikana na kutu ukiivuta kwa nguvu itachana ukuta wa silinda, na injini iliyokuwa ya njia ya pili itahamia njia ya tatu papo hapo.

Ikizunguka vizuri, weka silinda moja moja kwenye kilele cha mgandamizo, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, ingiza hewa kwa tundu la plagi na usikilize. Hewa ikitoka kwenye kabureta au mdomo wa manifoldi ya kuingiza, valvu ya kuingiza haikai. Ikitoka kwenye ekzosi, ni valvu ya kutoa. Ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, inapita kwenye ringi. Ikitokea kwenye tundu la plagi la jirani au ikipuliza mapovu kwenye njia ya maji, gasketi ya hedi imekwisha au hedi ina ufa. Kwa injini iliyotumika, uvujaji wa chini ya asilimia 10 ni afya njema, hadi 20 unavumilika, na 30 kwenda juu kuna kazi. Kinachonisumbua zaidi ni silinda moja kuachana sana na wenzake, kwa sababu silinda sita zilizochakaa sawa bado hutembea, lakini moja iliyoharibika ina kisa chake.

Hakuna kipimo kinachonifundisha mengi kwa gharama ndogo kama filta ya zamani ya oili. Kata kopo kwa mkasi wa bati, usikate kwa msumeno kwa sababu utamwaga chenga zako mwenyewe ndani. Toa karatasi, ikamue kwa koleo la ubao, ikunjue polepole juani. Karatasi nyeusi laini isiyo na kitu ni ya kawaida. Chenga zinazonasa kwenye sumaku ni chuma: cheni, roka (vidole vinavyosukuma valvu), nundu za kamshafti. Zinazong'aa kwa rangi ya fedha na hazinaswi ni alumini au tabaka la juu la beringi. Zikiwa na wekundu wa shaba, tabaka la juu limeshaisha na kranki inasuguana na kilichobaki.

Halafu fungua kava ya valvu, bolti chache tu, na uchungulie nundu zote kumi na mbili. Uso wake uwe laini na wenye mng'ao sawa. Ukiona mistari, vishimo au ncha iliyolika, kamshafti na roka zake vimekwisha pamoja. Kwenye hedi zenye bomba la kunyunyizia oili juu ya kamshafti, shika kila kiungo cha bomba hilo kwa vidole. Vikilegea, oili inaishia njiani na nundu za mwisho zinafanya kazi kavu. Hapo hata ukiweka kamshafti mpya italika vilevile.

Mwisho, sukuma na vuta kranki kwa nyuma na mbele ukiwa umeweka geji ya saa kwenye flaiwili. Mchezo wa kawaida wa L28 ni milimita 0.05 hadi 0.18, na kikomo ni 0.3. Ukivuka hapo, beringi yenye mabega ya katikati, inayozuia kranki isisogee mbele na nyuma, imeisha.

Njia ya kwanza: kupima, kusafisha, kufunga

Njia hii ina heshima yake ikiwa umeisikia injini ikiwaka, vipimo vimekaa vizuri na filta ni safi. Ila "kufunga kama ilivyo" kusieleweke kuwa ni kufunga bila kugusa. Sili ya nyuma ya kranki inabadilishwa, pamoja na vile vipande vya mpira vya ubavuni kwenye kepi ya beringi ya mwisho. Sili ya mbele, pampu ya maji, themostati, hozi zote, vizibo vya maji vya ubavuni ambavyo ndani ya gari hujificha nyuma ya manifoldi: hivi vyote ni vya bei ndogo na vinafikika kwa urahisi injini ikiwa kwenye stendi. Gasketi ya sampu pia. Na ukishafungua sampu, kwa nini usitazame beringi? Hapo tayari umeanza kuingia njia ya pili, na ndiyo maana mpaka kati ya hizi mbili ni mwembamba kuliko watu wanavyosema.

Pampu ya oili iko nje, chini mbele, inashikwa na bolti nne. Inabadilishwa hata injini ikiwa ndani ya gari, kwa hiyo isikusukume kwenye uamuzi wowote. Kumbuka tu kwamba shafti yake inaendesha pia distribyuta. Ukiirudisha, silinda ya kwanza ikiwa kwenye kilele cha mgandamizo, ulimi wa shafti unaoonekana kwenye tundu la distribyuta ukae kama mkono wa saa kwenye saa tano na dakika 25, na nusu ndogo ya duara ielekee mbele. Ukikosea jino moja, utahangaika na taimingi wiki nzima.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inategemea sana historia. Injini iliyokaa miaka mingi inaweza kupita vipimo vyote leo, kisha sili zilizokauka zikaanza kuvuja mwezi ujao. Uko tayari kuitoa tena? Kuitoa L kwenye 240Z si kazi ngumu, lakini ni oili, kulanti, manifoldi, ekzosi, propela na giaboksi mara ya pili.

Njia ya pili: kuifungua kiasi

Hapa ndipo penye utajiri wa uamuzi, kwa sababu "kiasi" kina ngazi zake.

Ngazi ya chini ni sampu tu. Geuza injini kwenye stendi, toa sampu na kichujio cha kunyonyea oili, kisha fungua kepi za konrodi moja baada ya nyingine, usifungue mbili kwa pamoja. Kila kepi irudi kwenye konrodi yake na kwa upande wake uleule. Kombe la beringi likiwa la kijivu sare, ni zima. Likiwa na mikwaruzo michache, shingo ya kranki ikiwa laini, weka makombe mapya ya saizi ileile na upime nafasi kwa plastigeji (uzi laini unaobanwa na kupimwa upana wake): kwa konrodi za L28 unatafuta kati ya milimita 0.025 na 0.055. Likionyesha shaba na ukucha wako ukakwama kwenye mikwaruzo ya kranki, acha hapo. Makombe mapya juu ya kranki iliyochanika ni kuficha ugonjwa, na kranki hiyo inahitaji kusagwa, kazi ambayo haifanyiki bila kuingia njia ya tatu.

Ngazi ya kati ni cheni ya taimingi, na hapa L28 ina tabia inayolazimisha uamuzi. Kava ya mbele imeshikwa na sampu kwa chini na hedi kwa juu. Kuna bolti mbili ndogo zinazoshuka kutoka kwenye hedi hadi kwenye kava. Unaweza kuitoa kava huku hedi ikiwa mahali pake, lakini ncha ya mbele ya gasketi ya hedi mara nyingi huchanika, na kipande kilichozibwa kwa silikoni hakidumu. Kwa upande mwingine, hedi inaweza kutoka bila kugusa kava, kwa sharti kwamba uishikilie cheni. Chonga kabari ya mbao, ndefu kama urefu wa kiganja na zaidi, nyembamba chini na nene juu, uifunge kamba mwishoni, uishushe kati ya pande mbili za cheni mpaka ikaze, ndipo ufungue giya ya kamshafti. Usipofanya hivyo, kikaza cheni kitaruka nje ndani ya kava, na kava itabidi itoke upende usipende.

Kwa hiyo swali si "nitoe hedi au nibadilishe cheni?" Kama cheni inabadilishwa, toa na hedi, vyote viwe vipya kwa pamoja. Kama cheni ni nzima na hedi ndiyo yenye tatizo, kabari inakuokoa. Kuhusu cheni yenyewe, giya ya kamshafti ina matundu matatu yaliyowekwa makusudi ili kufidia kurefuka kwa cheni. Ukikuta imefungwa kwenye tundu la 3, maisha yake yamekwenda mbali na sioni sababu ya kuirudisha.

Hedi ikishatoka, ilaze rula ya chuma juu yake, mshazari kwa mshazari, na upitishe geji ya nafasi chini. Kupinda kunakozidi milimita 0.1 kunadai kuchongwa. Lakini kila unachoondoa kwenye uso wa hedi kinaisogeza kamshafti karibu na kranki, cheni inalegea na taimingi inachelewa, kwa hiyo hedi iliyochongwa sana inahitaji bati nyembamba chini ya minara ya kamshafti kurudisha urefu wake, ambao kwa asili ni karibu milimita 108. Fundi wa mashine asiyeijua L atakuchongea vizuri na kukurudishia bila kukuambia hili. Muulize kabla.

Tazama pia mizunguko ya njia za maji kwenye hedi. Hedi ni alumini na bloku ni chuma, na mahali walipotumia maji matupu miaka mingi bila kulanti, alumini imeliwa mpaka karibu na ukingo wa gasketi. Shimo dogo linajazwa kwa kuchomelewa na fundi anayejua alumini. Likifika kwenye pete ya silinda, tafuta hedi nyingine.

Valvu zisagwe zikae, sili zake ziwe mpya, na roka zote zirudi kwenye nundu zilezile zilikotoka. Panga roka kwenye kadibodi yenye namba. Roka na nundu vimelika pamoja na kukubaliana. Ukivichanganya vitaanza kulana upya, na safari hii haviachi.

Nusu ya ovahoo, ambayo sikushauri

Kuna njia ya nne ambayo watu huipenda kwa sababu inaonekana ya busara: kuweka ringi mpya kwenye silinda za zamani bila kupima, au kutengeneza hedi iwe mpya kabisa juu ya chini iliyochoka. Silinda iliyolika ina ukingo juu kabisa, pale ringi ya zamani ilipokuwa ikiishia. Ringi mpya ina kona kali, inapanda juu kidogo kuliko ile iliyolika, inagonga ukingo huo na kuvunjika au kuvunja ubavu wa pistoni. Na silinda iliyokuwa yai haizibwi na ringi ya duara, hata iwe mpya kiasi gani. Kama pistoni inatoka, silinda ipimwe juu, kati na chini, kwa pande mbili. Ikikubali, kuhoni (kuikwaruza kidogo kuta za silinda kwa jiwe) na ringi mpya vinatosha. Ikikataa, ni kuchonga.

Njia ya tatu: ovahoo kamili

Hii nitaipitia haraka, si kwa sababu ni ndogo bali kwa sababu ikishafika hapo, chaguo zako zimepungua na kazi kubwa iko kwa fundi wa mashine. Pistoni za ovasaizi ya 0.5 na 1.0 zinajulikana kwa L28. Nunua pistoni kwanza, mpelekee fundi, achonge silinda kwa kuzifuata pistoni hizo, asichonge kwa kufuata kitabu. Bloku iogeshwe baada ya kuchongwa, vizibo vya njia za oili vitolewe na mashimo yapigwe brashi, kwa sababu unga wa kuhoni ukibaki ndani utasaga beringi mpya ndani ya saa chache. Mtu anayeruka kuosha amelipia ovahoo mbili.

Faida yake ni moja na ni kubwa: unaijua kila milimita ya injini yako. Kwa gari utakaloliendesha kwa kasi kwenye uwanja wa mbio, au utakalokaa nalo maisha yako, hilo lina thamani. Hasara yake ni kwamba kosa la mkusanyaji mmoja linaharibu yote. L28 ya kiwandani iliyochakaa kidogo lakini haijawahi kufunguliwa ni bora kuliko ovahoo ya mtu asiye na maikromita.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa muda, ya kwanza ni ya siku chache, ya pili ni ya wiki kadhaa kutegemea vipuri, na ya tatu inafuata foleni ya fundi wa mashine, si ya kwako. Kwa pesa, ya pili ikiishia kwenye sampu haizidi sana ya kwanza. Ikipanda hadi cheni na hedi, inakaribia nusu ya gharama ya njia ya tatu. Kwa hatari, ya kwanza inabeba hatari ya yaliyojificha, ya tatu inabeba hatari ya mikono. Njia ya pili inaondoa sehemu kubwa ya hatari ya yaliyojificha bila kuingia sana kwenye hatari ya mikono, na ndiyo maana naisimamia.

Kwa hiyo: umeisikia ikiwaka, uvujaji uko chini ya 10, filta safi, haina dalili ya kufunguliwa? Ya kwanza, pamoja na sili zote. Historia haijulikani lakini inazunguka na uvujaji wa ringi unavumilika? Ya pili, uanze na sampu na uache beringi zikuambie kama uendelee. Shaba kwenye beringi, silinda moja imeachana na wenzake kwa ringi, au kranki imevuka kikomo cha mchezo? Ya tatu, au rudisha injini na utafute nyingine. L28 bado zipo, na kutafuta nyingine mara nyingi ni uamuzi bora kuliko kuokoa iliyokufa.

Mambo ambayo hayajali umechagua njia ipi

Injini ikitoka kwenye gari la otomatiki, kranki yake ina kipande cha otomatiki mahali pa bushi ya kuongozea shafti ya giaboksi. Kitolewe na uweke bushi ya gia za mkono. Bolti za bati la otomatiki ni fupi. Usizitumie kufungia flaiwili.

Klachi ndiyo inayowaumiza watu wengi baada ya kila kitu kuwa kimefungwa. Kwenye familia ya Z kuna klachi za milimita 225 na za 240, na kola inayobeba beringi ya klachi hutofautiana urefu. Presha pleti ya huku na kola ya kule vitakupa klachi isiyoachia kabisa, au inayoteleza. Kanuni ni rahisi: kola ifuate presha pleti, isifuate giaboksi. Vipime vyote kabla giaboksi haijapanda.

Linganisha sampu ya injini uliyonunua na ile ya gari lako. Injini iliyotoka kwenye gari la sedani inaweza kuwa na sampu ya umbo jingine, na mhimili wa mbele wa 240Z hauna huruma. Sampu yako na kichujio chake cha kunyonyea vihame pamoja, kwa sababu mdomo wa kichujio unatakiwa kukaa karibu na sakafu ya sampu yake.

240Z ina pampu ya petroli ya kusukumwa na kamshafti. L28 nyingi zilikuwa za injeksheni (bila kabureta) na pampu ya umeme, kwa hiyo huenda hedi yako imezibwa pale pampu inapokaa, au kamshafti haina gurudumu la kuisukuma. Jua hili injini ikiwa kwenye stendi, wakati bado una nafasi ya kuchagua pampu ya umeme ya shinikizo dogo linalofaa kabureta. Kabureta za 240Z zenyewe zinailisha L28, ila sindano zake zitahitaji kurekebishwa, kwa sababu zilipimwa kwa injini ndogo.

Kuiwasha mara ya kwanza

Chagua oili yenye zinki ya kutosha. Roka za L huteleza juu ya nundu, haziviringiki. Mimina oili juu ya kamshafti kwa mkono, toa plagi zote, na uizungushe kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Plagi zirudi baada ya hapo, si kabla.

Kamshafti na roka zikiwa mpya, injini ikiwaka tu ipeleke kwenye mizunguko 2000 hadi 2500 na uishikilie karibu dakika 20 bila kuirudisha silensa, ukiangalia joto na shinikizo la oili muda wote. Kamshafti ya zamani na roka zake haihitaji hilo. Ringi mpya zinataka mzigo unaobadilika barabarani. Kukaa silensa saa nzima kunazing'arisha kuta za silinda kabla ringi hazijakaa.

Ikishapoa kabisa, kaza upya bolti za hedi kwa mpangilio, kutoka katikati kwenda nje. Kisha ipashe moto tena na upime nafasi za valvu injini ikiwa ya moto: milimita 0.25 kwa za kuingiza, 0.30 kwa za kutoa. Baada ya kilomita mia chache mwaga oili, kata filta hiyo mpya kama ulivyokata ile ya zamani, na uzilinganishe karatasi zake mbili. Chenga chache za mwanzo baada ya njia ya pili au ya tatu ni za kawaida. Zikiwa nyingi kuliko kwenye filta ya zamani, zima gari na ufungue sampu kabla ya kuendesha kilomita nyingine.